Majiko Ishirini na Saba ya Meza Moja

Kuvunja Meza Moja kuligharimu shilingi elfu nane na mia moja. Hiyo ndiyo bei ya majiko ishirini na saba ya mafuta ya taa, rangi ya kijani, tambi kumi kila moja, pamoja na lita moja ya mafuta ya kujaribia niliyoongezewa bure. Nimehesabu mara mbili. Aliyeyanunua ni mimi, katika duka moja la vyuma mjini Kitale, na mpaka leo sijapata tena bei nzuri kama ile.

Purity na Masika, ninyi mliopokea ufunguo wa stoo ya chama cha maziwa mwezi uliopita, najua hamkuniuliza habari hizi. Mliniuliza mizani hukaa wapi na kwa nini sabuni huisha haraka. Mizani iko nyuma ya mlango. Ya sabuni mtajionea wenyewe. Lakini siku ya kuniaga, Purity, ulikuwa umekaa kwenye ile meza kuukuu ya ukumbini na sahani yako ya pilau, ukaangalia kushoto, ukaangalia kulia, ukaniuliza, "Mama Stoo, ati ni ukweli watu walikuwa wanakula hapa wote? Kila siku? Na hakuna harusi?"

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka. Kisha nikalibeba swali lako mpaka nyumbani pamoja na lile blanketi mlilonizawadia. Blanketi limeshazoea nyumba, swali bado. Basi haya ndiyo majibu. Mambo ya mshahara na vyeo nitayaruka: mshahara ulikuwa mdogo, cheo kilikuwa kimoja, na vyote viwili havikuniachia cha kusimulia.

Nilizaliwa Myanga, lakini kazi ilinikuta sokoni Kitale nikiuza mitumba ya watoto. Mume wangu nilikuwa nimeshamzika, binti yangu alikuwa darasa la tatu, na miaka ya elfu mbili ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Siku moja akaja mzee mrefu, koti limeisha viwiko, akataka masweta arobaini. Nikamtajia bei. Akatoa pesa.

Hamjui jinsi jambo hilo linavyomuumiza muuzaji. Bei ya kwanza si bei, ni salamu. Nikamwambia, "Mzee, ukilipa hiyo nitaona haya kukutana na wewe kanisani. Si unipunguzie?"

"Nikupunguzie nini, na muuzaji ni wewe?"

"Hiyo ndiyo shida yako. Haya, sema sitini ni nyingi."

"Sitini ni nyingi," akasema, kama mtoto anayefundishwa sala.

"Usinione mjinga. Hamsini na tano."

"Asante sana, mama."

"Usiseme asante! Kataa. Geuka uende zako."

Akageuka akaenda zake kweli. Ikabidi nimkimbilie mpaka kwa wauza viatu, masweta arobaini kichwani, wenzangu wakinipigia makofi. Mwishowe nilimpa kwa arobaini na tano, baada ya kubishana na nafsi yangu kiasi cha kutosha. Alipokuwa anayafunga akaniuliza kama ningekubali kwenda kununua vitu kwa niaba yao.

"Nyinyi ni wangapi?"

"Mia moja thelathini na nane."

"Ni shule?"

"Hapana."

"Ni jela?"

"Ni nyumbani," akasema. "Mshahara hakuna. Utakula, utalala, mtoto atasoma, ukiugua utatibiwa."

"Niongezee kidogo."

"Nikuongezee nini?"

"Sijui bado. Wewe ongeza tu."

Huyo ndiye alikuwa Mzee Simiyu, na bila yeye hakuna hadithi. Ujanani mwake alikuwa afisa wa kilimo, akapelekwa Israeli kusomea kuku. Badala ya kuweka akili kwenye kuku aliiweka kwa watu waliomkaribisha. Walikaa kijiji kimoja wanachokiita kibbutz, shamba moja lisilo na mipaka ndani, na mchana mwanasheria na mchunga ng'ombe walipanga foleni moja wakala chumba kimoja. Hakuna aliyetembea na pesa mfukoni. Mzee alirudi Bungoma na sanduku moja na habari hiyo, akaisimulia kwenye kila matanga na kila mchango, mpaka watu wakawa wanamwona kwa mbali wanasema, "Huyo anakuja na Waisraeli wake."

Lakini wako waliosikiliza. Familia ishirini na saba, nyingine za Matulo, nyingine za Kimilili, nyingine za kwetu Myanga, walichanga wakanunua kipande cha shamba la mzungu aliyeondoka, upande huu wa Kitale. Wengine wote walionunua mashamba kama hayo walianza kwa kuyapima na kuyagawa. Hawa walianza kwa kujenga jiko na meza. Mbao zilitoka mlimani, na meza ilizunguka pande tatu za ukumbi, hatua arobaini na tano kutoka mwisho hadi mwisho. Ninyi mmebakiwa na mkono mmoja tu. Katika karatasi tulikuwa na jina refu la ushirika, ambalo sikumbuki mtu akilitamka. Majirani walituita Meza Moja, kwanza kwa dharau, halafu kwa mazoea, halafu walipokuwa na njaa kwa heshima.

Siku yangu ya kwanza nilikwenda jikoni na daftari jipya. Mpishi mkuu alikuwa Mama Rispa, mwanamke mfupi mwenye mwiko mrefu kumzidi bega. Akalitazama daftari langu.

"Hilo linakula?"

"Hapana, mama. La kuandika."

"Basi liweke nje. Huku ndani ni wanaokula tu."

Yeye hakuandika kitu. Kipimo chake kilikuwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili mnaoujua. Gorogoro moja ya unga kwa watu wanane wanaolima, moja kwa watoto kumi na wanne. Jumla kumi na tano, kila jioni. Juu ya hizo aliongeza nusu gorogoro, na hiyo aliiita nusu ya mgeni. Nikamuuliza mgeni gani. "Sijui. Hajafika bado," akasema. Halafu alipiga kengele, ambayo ilikuwa rimu ya gurudumu la trekta iliyoning'inizwa kwenye mti wa parachichi, akasimama mlangoni kutazama watu wakitoka shambani. Wakiburuta miguu, alirudi ndani akaongeza mikono miwili ya unga kabla ugali haujashikamana. Nilimfuatilia miezi mitatu nikitafuta kosa. Sikupata. Chakula hakikubaki wala hakikupungua, na mimi ni mtu wa kutafuta kosa kwa bidii.

Kazi yangu kubwa ikawa sahani. Kila mtu alikuwa na sahani yake ya bati yenye ukingo wa buluu, na namba chini yake kwa rangi nyekundu. Mzee Simiyu alikuwa na namba moja, mimi nilipewa mia moja thelathini na tisa, binti yangu mia moja arobaini. Baada ya chakula nilizihesabu zikiwa chafu, nikazihesabu tena zikiwa safi. Ya kwanza ilinionyesha nani hakula, ya pili ilinionyesha nani aliondoka na sahani. Asiyekula nilimpitia nyumbani. Mara nyingi alikuwa na malaria. Mara chache alikuwa na hasira. Mara moja alikuwa na uchungu wa kuzaa, na Mama Rispa aliacha ugali ukaungua kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Niwape na ya sokoni, kwa maana hayo mtayatumia. Gunia la mahindi msifungue juu, fungueni chini. Kila muuzaji hupamba juu. Msinunue maharagwe siku ya mvua, maji yanauzwa humo. Na hesabu yangu ya mara mbili sikuzaliwa nayo. Nilifundishwa na Bwana Jaswant, Singasinga mwenye duka la vyuma pale Kitale, ambaye familia yake ilikuwa imeuza misumari mjini tangu mji ukiwa na barabara moja. Mara ya kwanza nilinunua kwake majembe ishirini na nne, nikalipa, nikatoka. Akanifuata mpaka nje.

"Mama, iko ngapi?"

"Ishirini na nne."

"Hesabu."

Yalikuwa ishirini na tatu. Akanipa moja alilokuwa ameficha nyuma yake. "Hesabu mbele yangu, halafu hesabu nyuma yangu," akasema. "Mimi ni rafiki. Mwingine hana kufuata wewe barabarani." Tangu siku hiyo tulipigania kila shilingi kama maadui, na nikiumwa alituma salamu.

Sasa nifike kwenye sheria yetu, maana kosa langu lilizaliwa humo. Meza Moja ilikuwa na sheria moja iliyozidi zote: kisichotosha wote hakigawiwi. Wageni wa kanisa waliwahi kutuletea buti za mvua pea kumi na mbili. Familia ishirini na saba, buti kumi na mbili. Zilikaa stoo miaka mitatu zikingoja wenzao kumi na watano. Watu walikwenda kukamua kwenye matope bila viatu, wakapita dirishani wakaziona zimepangwa, na hakuna aliyelalamika. Kwa mtu wa nje ni wazimu. Kwetu ilikuwa njia ya kulala bila kumwonea jirani wivu.

Halafu Mama Brayo akajifungua mapacha.

Mama Brayo alikuwa mke wa mmoja wa wakamuaji, mdomo wake hauna breki, na mimi nilimpenda kwa hilo. Watoto walikuwa wadogo, walihitaji maziwa ya moto kila baada ya muda, na nyumba yake ilikuwa mwisho kabisa karibu na mto. Moto ulikuwa jikoni tu. Kwenye mkutano wa mwezi akasimama na pacha mmoja mbele, mwingine mgongoni.

"Mzee, nauliza tu. Mtoto akilia alfajiri, mvua inanyesha, nifanye nini? Nipige kengele nyote muamke mnipashie maziwa?"

Watu wakacheka. Akangoja wamalize. "Sitaki kitu kikubwa. Nataka kajiko ka mafuta. Na si mimi tu. Tuko wanne wenye watoto wa kunyonya."

Mzee Simiyu akasema jambo ambalo tulilichukua kama mojawapo ya habari za Waisraeli wake. "Kule nilikokaa, wazee walikuwa wanasimulia walivyogombana juu ya birika. Birika tu la chai. Ati mtu akiwa na birika chumbani kwake, hatakuja kunywa chai na wenzake. Mimi nilicheka. Nikasema, hawa watu wameshiba mpaka wanaogopa birika."

"Si hata sisi tucheke, Mzee," akasema Mama Brayo. "Halafu tununue."

Tukapiga kura kwa mikono. Majiko manne, ya wenye watoto wachanga tu, yakirudi stoo mtoto akianza kula ugali. Na kwa kuwa manne hayatoshi wote, ilibidi sheria ipindwe kidogo, na watu walitoka mkutanoni wakinong'ona. Nilisikia mmoja akisema, "Kwa hiyo sasa chai ni ya wenye mapacha." Nikaona hapo pana ugomvi unaoota.

Nilikwenda kwa Bwana Jaswant kununua majiko manne. Akataka mia nne na themanini kila moja. Tukapigana mpaka mia nne. Hapo akakwama, akashika ndevu, akasema, "Mama, nyuma iko boksi mingi. Imekaa sana. Chukua yote, nitakupa mia tatu."

"Yote ni mangapi?"

"Ishirini na saba."

Bana, hebu mnielewe. Mimi nimenunua vitu maisha yangu yote, na vitu havijawahi kunikubali hivyo. Familia ishirini na saba, majiko ishirini na saba. Manne ya wenye watoto na hakuna wa kununa. Sheria haipindwi, bei inashuka kwa robo, na pesa ya ziada nilikuwa nayo ya magunia, ambayo ningeirudisha mwezi ujao. Nikahesabu mbele yake, nikahesabu nyuma yake. Hesabu ilikubali. Nikaomba mafuta ya kujaribia, akanipa, akasema nitamfilisi. Nilirudi nikiwa juu ya mkokoteni na maboksi kama bibi harusi.

Watu walipiga makofi kweli. Mama Brayo alinikumbatia na pacha mmoja akanitapikia begani. Mzee Simiyu alikuja akasimama mbele ya maboksi.

"Tulisema mangapi?"

"Manne, Mzee."

"Na haya?"

"Ishirini na saba. Bei ilikuwa nzuri. Na yanatosha wote."

Akainua moja, akaligeuza, akalinusa kama anunuaye tikiti maji. "Yanatosha," akasema. Alibeba lake nyumbani, akaliweka dirishani, akapandisha redio yake juu. Hakuliwasha hata siku moja.

Chai ndiyo ilianza kuondoka. Nilihesabu vikombe vya asubuhi: mia na thelathini na moja, mia na ishirini, mia na nne. Hakuna aliyegoma, hakuna aliyenuna. Walikuja shambani wameshakunywa, wanapangusa midomo. Halafu jioni nikiwa napita kati ya nyumba nikaanza kusikia harufu za vitunguu, hapa na nyama, kule na dagaa wa omena. Zamani jioni yetu ilikuwa na harufu moja. Nilizisikia zile harufu na, nikiri tu, zilinukia vizuri. Binti yangu aliomba tuazime jiko la jirani tuwe tunakaanga mayai nyumbani. Tukakaanga. Zilikuwa sahani mbili hizo zilizokosekana ukumbini, za kwetu wenyewe, na mimi ndiye nilikuwa nazihesabu.

Sahani zilipofika tisini, nilikwenda kwa Mama Rispa. Ugali ulikuwa unabaki, tunawapa nguruwe, na mtu wa stoo hawezi kuona unga ukienda kwa nguruwe kila siku akanyamaza.

"Tupunguze, mama. Gorogoro tano."

"Sipunguzi."

"Unamwagwa!"

"Umwagwe. Ukipunguza unga umewaambia wasije."

"Hawaji tayari."

"Hawaji leo," akasema. "Kesho hujaihesabu."

Nilikuwa na ufunguo, yeye alikuwa na mwiko. Ufunguo ukashinda. Kuanzia wiki iliyofuata nilimpimia gorogoro kumi, na cha kwanza nilichoondoa ni ile nusu ya mgeni. Hakugomba tena. Alipokea unga bila kunitazama, na kutoka siku hiyo hakusimama tena mlangoni kuangalia miguu ya watu.

Haikupita miezi miwili mafuta ya taa yakakosekana. Duka la njia panda halikuwa nayo, Kitale foleni ilizunguka jengo. Jioni ya tatu, kabla kengele haijalia, niliwaona wanakuja. Walishuka kutoka nyumba zote, watoto mbele, wamebeba sahani zao za ukingo wa buluu walizokuwa wamepeleka nyumbani. Wengine waliimba. Moyo ulinirukaruka kama msichana. Nilihesabu wakiingia: mia moja thelathini na moja. Halafu nikakumbuka nilichopima mchana.

Mama Rispa alipunguza kila sahani, akagawa mpaka mwiko ukagonga chini. Bado familia tatu zilikuwa zimesimama, na ya mwisho ilikuwa ya Mama Brayo, pacha mmoja kila mkono. Alitazama ndani ya sufuria, akanitazama mimi.

Nikasema, "Ngoja, kuna mikate stoo, nakuletea sasa hivi."

"Acha tu, Mama Stoo," akasema. Na hakuna utani katika sauti, yeye ambaye hata kanisani alitania. "Makosa ni yetu. Wageni hawaji bila kutuma habari."

Wakarudi, familia tatu, wakipita kando ya meza ndefu ambayo watu walikuwa wameacha kutafuna. Mama Rispa alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza mbele yangu. Kesho yake aliivaa tena akapika kama kawaida. Lakini ile mikunjo minne naiona mpaka leo.

Mwezi huo huo ndio ilikuja karatasi ya kuomba shamba lipimwe na kila mtu apate hati yake. Sikuona jina la Mama Brayo la kwanza, lilikuwa la tatu. Tulipiga kura pale pale mezani, kwa mikono. Nilihesabu mimi. Ishirini na mbili walitaka, watano hawakutaka. Nikarudia kuhesabu kwa sauti, polepole, labda mtu angeshusha mkono. Hawakushusha. Mzee Simiyu akasema, "Basi tushukuru hatukukosana," akaomba tule.

Kabla mpima ardhi hajafika, mambo yaliharibika kule mlimani, watu wakauawa na kufukuzwa kwa ajili ya mashamba. Hayo mnayajua, wengine wenu mna ndugu waliokimbia. Asubuhi moja watu waliteremka kutoka upande wa Cheptais na magodoro, kuku, mama wazee kwenye baiskeli, wakakaa kando ya barabara yetu kwa sababu miguu iliishia hapo. Mimi nilikuwa stoo. Nikasikia kengele. Nikatoka kumgombeza aliyepiga saa isiyo yake, nikamkuta Mama Brayo na jiwe mkononi, anaigonga rimu ya trekta kwa nguvu zote.

"Umesimama nini? Fungua stoo!"

Nikafungua. Mama Rispa alikuja na mwiko, akaniuliza jambo moja tu, "Gorogoro ngapi?" Nikamwambia, "Sijui, mama. Pima wewe."

Siku kumi na nane. Nyumba zote zilizima majiko, bila mkutano wala kura, kwa sababu hakuna mtu angekaanga vitunguu vyake huku watoto wa watu wamelala ukumbini. Wote walirudi mezani, sisi na wale, watu zaidi ya mia mbili. Sahani hazikutosha. Walikula kwenye vifuniko vya sufuria, kwenye beseni, kwenye majani ya migomba. Na zile buti kumi na mbili nilizitoa mwenyewe nikawapa wazee kumi na wawili wa kwanza niliowaona, na katika watu wote wa Meza Moja hakuna aliyeuliza kama zinatosha wote. Mzee Simiyu alikuwa anazunguka na birika la chai akimimina, na alipofika kwangu akasema, "Ile nyongeza uliyoitaka siku ile sokoni, umeshajua ni nini?" Nikamsogezea kikombe, mdomo ulikuwa umejaa.

Kisha wale watu wakapata ndugu, wakapata makanisa, wakaondoka kidogo kidogo. Jioni ya kwanza bila wao Mama Rispa alipika gorogoro kumi na tano na nusu ya mgeni. Tulikaa kumi na mmoja. Wiki mbili baadaye mpima ardhi akaja na mawe yake ya mipaka.

Yaliyobaki ni mafupi. Ukumbi ukawa wa chama cha maziwa, mimi nikabaki na stoo. Mwanzoni mchana tulikula watatu, Mzee, Mama Rispa na mimi, kwenye kona ya meza. Halafu Mama Rispa akachukuliwa na mwanawe kwenda Matulo, na huko ndiko alikofia. Mzee Simiyu naye tukamzika katika ekari zake nne na nusu, ndani ya ua wa michongoma. Jiko lake aliniachia, jipya, tambi nyeupe.

Mama Brayo mnamwona kila asubuhi, ndiye yule wa lita sita anayebishana na kipimo. Mwaka jana nilimwambia, "Ni mimi niliyeua meza, na yale majiko yangu." Akacheka mpaka kopo likayumba. "Wewe Mama Stoo unajipa cheo! Tungeachana tu, hata bila jiko. Watoto walikuwa wanakua." Labda. Lakini alipomaliza kucheka alisimama kidogo akiangalia mlango wa ukumbi, akaniuliza kama ile rimu ya trekta bado tunayo. Tunayo. Iko chini ya magunia ya chumvi ya ng'ombe, msiiuze kwa watu wa vyuma chakavu.

Purity, miaka yote hii nilipika chakula cha mchana cha wafanyakazi, mlikuwa kumi na wawili na mimi wa kumi na tatu, na jioni nilikula kilichobaki, kwa hiyo sikuwahi kugundua. Nimegundua tangu mlivyonipa blanketi. Binti yangu ameolewa Nakuru. Jioni nimewasha jiko la Mzee kwa mara ya kwanza, nimeweka maji, nimeshika gorogoro, nikasimama. Kugawanya najua: gorogoro kwa watu wanane, kwa hiyo mimi ni moja ya nane. Nimejaribu hivyo mara sita. Ugali unaungua kabla ya kuiva, mwiko hauna pa kuzunguka, na kinachotoka nashiba nacho lakini sijala. Nikipika robo, mbwa wa jirani ananenepa, na jirani ameanza kuniuliza nataka nini kwa mbwa wake.

Wewe unakaa chumba kimoja pale mjini, peke yako, na afya yako ni nzuri. Lazima kuna namna mnavyofanya. Niandikie kwenye karatasi, Masika akija huku aniletee. Usiniandikie pole. Niandikie vipimo: maji vikombe vingapi, unga vikombe vingapi, kwa mtu mmoja. Na kama huwa unaongeza kidogo kwa ajili ya mtu ambaye hajafika, nionyeshe pia ni kiasi gani.